Kiungo Kisicho na Msumari

Mvua ya masika ikishika katika Kaunti ya Bungoma, milango huanza kukwama. Droo ya kabati iliyoteleza bila shida mwezi wa Januari huvutwa kwa mikono miwili ifikapo Mei, na mlango wa jikoni husukumwa kwa bega. Watu wa Chwele, Nalondo na Mukuyuni wamelizoea jambo hili hata hakuna anayelistaajabia. Mlango umekwama, basi. Kiangazi cha Desemba kikirudi, utafunguka wenyewe.

Hebu tulitazame upya. Mti uliotoa mlango ule ulikatwa pengine miaka 30 iliyopita. Kisiki chake kilishaoza, na mahali uliposimama pamelimwa mahindi misimu na misimu. Ubao wake umepasuliwa, umepigwa randa, umesuguliwa kwa msasa, umepakwa vanishi. Na bado unajua kwamba mvua imenyesha. Unavuta unyevu wa hewa na kutanuka, unautoa na kusinyaa, mwaka hadi mwaka. Sheria uliyopewa mti siku ulipochipuka haikufutwa na shoka. Ni sheria ya Muumba, na mbao huitii hata baada ya mti kufa.

Mafundi wa kale waliitambua sheria hiyo, wakajenga juu yake ufundi mzima wa kuunganisha mbao bila msumari. Ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa, na kupitia kwake nimsifu aliyeuumba mti, maana kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyosadiki kwamba seremala haongezi nguvu yoyote kwenye mbao. Nguvu anaikuta. Kazi yake ni kuifuata ilikolala.

Chukua kipande cha mringaringa, mti ambao Waluhya wengi huuita mukumari, ukikate kichwa kwa msumeno mkali kisha ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vitundu vidogo visivyohesabika. Ubao ni kama fungu la mirija ya kunywea pombe ya busaa iliyobanwa pamoja, maelfu kwa maelfu, yote ikielekea upande mmoja. Hiyo ndiyo mirija iliyopandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye jani la juu kabisa, bila pampu na bila kelele. Ukuta wa kila mrija umefumwa kwa nyuzi za selulosi, nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, zilizozungushwa kwa mshazari na kushikamanishwa na lignini. Maji yakiingia katika ukuta huo hujipenyeza katikati ya nyuzi na kuzisukuma mbalimbali. Ukuta unanenepa. Lakini urefu wa mrija haubadiliki, kwa sababu nyuzi zenyewe hazivutiki.

Kutokana na hilo, ubao mmoja una sheria tatu. Miti mingi, mbao yake mbichi ikikaushwa kabisa, hupungua takriban asilimia 8 kwa upande unaofuata mzingo wa pete za umri, takriban asilimia 4 kutoka kiini kuelekea ganda, na kwa urefu hupungua sehemu moja tu katika elfu, au zaidi kidogo. Yaani ubao wa mita mbili karibu haufupiki kamwe, ilhali upana wake hauachi kucheza. Ubao wa meza wenye upana wa sentimita 40 unaweza kutofautiana milimita tatu au nne kati ya kiangazi na masika. Milimita nne ni kitu kidogo machoni, lakini hakuna msumari utakaozizuia. Ukiupigilia ubao huo pande zote mbili, utajipasua katikati usiku wa kiangazi, na wenye nyumba watausikia ukilia.

Msumari haujui habari za pete wala za mirija. Unapenya popote, unazikata nyuzi, unakaa pale kama mgeni. Unyevu ukija unashika kutu, na kutu hula mbao iliyouzunguka. Ukipigiliwa kwenye kichwa cha ubao, sambamba na mirija, haushiki vyema, kwa kuwa umepita kati ya nyuzi bila kuzibana. Ndiyo maana fremu ya sofa iliyopigwa misumari na kufunikwa kwa kitambaa kizuri huanza kuyumba baada ya misimu michache. Nasema hivi kwa uchungu, si kwa kuwadharau wanaoitengeneza. Mteja anataka sofa kwa bei ya chini na kwa haraka, na fundi naye ana karo ya watoto.

Kabla mwanadamu hajaunganisha ubao na ubao, mti wenyewe ulikuwa umeshaunganisha tawi na shina. Lifikirie tawi la mvule lililonyooka kando mita kumi, lenye uzito wa ng'ombe kadhaa, linalopigwa na upepo unaoshuka kutoka Mlima Elgon, na halikatiki pale linapoota. Ni nini kinacholishika? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha uchunguzi wao wa panda za miti. Waliona kwamba kwenye kwapa la tawi nyuzi haziendi moja kwa moja kama kwingineko. Zinajipinda, zinazungukana, zinapishana, na mbao ya mahali hapo ni nzito kuliko ya shina au ya tawi. Mti umesuka kiungo. Umekiweka palipo na mvutano mkubwa kuliko pote, na hakikuwekewa gundi wala kigingi.

Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini panda waliijua. Nguzo ya nyumba ya kale ilichaguliwa msituni ikiwa na panda yake juu, ikachimbiwa chini, na mtambaapanya ukalazwa kwenye panda hiyo na kufungwa kwa kamba za magome. Walikuwa wanatumia kiungo alichokitengeneza Mungu kabla hawajajifunza kutengeneza cha kwao. Kigoda cha mzee wa Kibukusu nacho kilichongwa kwa tezo kutoka gogo moja, kiti na miguu yake pamoja, bila kuungwa popote. Kile cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde, maana nukta tatu daima hukaa sawa.

Na litungu je? Kinanda hicho cha Wabukusu kina bakuli la mbao lililowambwa ngozi, mikono miwili inayopenya ngozi na kuegemea bakuli, na kijiti kinacholala juu ya mikono hiyo. Legeza nyuzi zake zote na chombo kizima kinalegea mkononi. Zikaze, na kila sehemu inaikandamiza mwenzake mpaka chombo kinakuwa kitu kimoja. Mvutano uleule unaozaa sauti ndio unaokishikilia chombo. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo muziki na useremala vimekaribiana hivi.

Useremala wa mbao zilizopasuliwa, wa meza, makabati na viti vya mgongo, ulienea sana huku Magharibi mwa Kenya pamoja na wamisionari. Mwaka 1902 Waquaker watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi na kuanzisha misheni iliyobeba neno "viwanda" katika jina lake, kwa imani kwamba Injili na kazi ya mikono vinakwenda pamoja. Walikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na vijana walifundishwa msumeno na randa sawa na walivyofundishwa kusoma. Kutoka shule za aina hiyo ufundi ulitambaa hadi vijijini, baba akamwachia mwana, fundi akamwachia mwanagenzi, na leo vibanda vya mbao vimepanga mstari kando ya barabara kutoka Bungoma hadi Kitale.

Pwani ufundi huo ulikuwako karne nyingi kabla. Kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo, chenye mapambo ya pembe au mfupa na kuta za uzi uliosukwa, kiliunganishwa kwa ndimi na matundu, na vipo ambavyo vimekaliwa na vizazi kadhaa.

Ulimi na tundu ndicho kiungo mama. Mafundi wengi wa jua kali hukiita tenoni na motisi, na hao ndio ninaopenda kuwatazama wakifanya kazi. Tuseme ni mguu wa meza ya mringaringa, wa sentimita saba kila upande, na ubao wa fremu utakaoingia ndani yake. Fundi huanza kwa kuweka alama, na fundi mzuri haweki kwa penseli peke yake. Huweka gunia lake la kupimia pembe mraba kwenye ubao na kupitisha ncha ya kisu, ili nyuzi za juu zikatwe safi kabla msumeno haujafika. Kisha huchukua geji na kuchora mistari miwili sambamba. Unene wa ulimi huwa takriban theluthi moja ya unene wa ubao. Ukiwa mnene zaidi, kuta za tundu zitakuwa dhaifu. Ukiwa mwembamba zaidi, ulimi wenyewe utavunjika. Theluthi hii imefikiwa na mafundi wa nchi zisizojuana, kwa sababu mbao ndiyo iliyowafundisha wote.

Tundu huchimbwa kwa patasi yenye upana uleule wa tundu. Fundi huanza katikati, patasi ikisimama wima, nyundo ya mbao ikishuka kwa mdundo usiobadilika. Hukata kuvuka nyuzi, halafu huinua kipande kwa kuulaza mpini wa patasi nyuma. Hapo utaona jambo zuri. Kipande kile hutoka chenyewe, kwa sababu mirija ikishakatwa juu na chini huachana kwa wepesi. Fundi asiyejua huanza kwa kukata kufuata nyuzi, na mguu unapasuka toka juu hadi chini. Mbao ileile inayokataa kwa nguvu zote kukatwa kwa upande mmoja inakubali kwa upole upande wa pili, na hekima yote ya patasi ni kujua uko upande upi.

Ulimi hukatwa kwa msumeno wenye meno madogo. Una mashavu mawili na mabega. Mabega ndiyo yatakayoegemea uso wa mguu na kubeba mzigo wa anayeegemea meza, kwa hiyo lazima yanyooke kabisa. Halafu unakuja wakati wa kujaribu. "Usilazimishe, kijana," ndivyo fundi mzee humwambia mwanagenzi wake, na mwanagenzi hujibu, "Sawa, mzee," huku mkono wake ukitamani nyundo. Ulimi unapaswa kuingia kwa msukumo wa kiganja hadi karibu nusu, kisha umalizie kwa kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo kubwa, utaupasua mguu. Ukidondoka wenyewe ndani ya tundu, gundi haitauokoa. Tofauti kati ya ulimi mnene mno na ulimi uliolegea ni unene wa karatasi moja au mbili, na mkono wa fundi huisikia kabla jicho halijaiona. Huondoa ganda jembamba kwa patasi, hujaribu tena, huondoa tena. Kisha hugonga, na mlio wa nyundo hubadilika. Mwanzo ulikuwa wa wazi, kama kitu kitupu. Mabega yakigusa mguu, mlio unakuwa mzito na mfupi, na fundi huacha papo hapo.

Sasa angalia kilichotendeka. Mashavu ya ulimi yana nyuzi zinazokwenda kwa urefu, na kuta za tundu pia zina nyuzi za urefu. Pande mbili za aina hiyo zikikutana, gundi hushika mpaka mbao yenyewe ivunjike kabla ya gundi kuachia. Kichwa cha ulimi, chenye vinywa vya mirija, hunywa gundi na kukauka bila kushika kitu, lakini hakitegemewi. Mzigo uko kwenye mashavu na mabega. Ulimi hauwezi kujichomoa kwa kuwa mfupi, kwa sababu urefu haupungui. Masika yakija, ulimi unanenepa ndani ya tundu na kujibana. Kile kinachoukwamisha mlango wa jikoni ndicho kinachokikaza kiti.

Kwa kiangazi, ulimi unaposinyaa, wakale waliweka kijiti. Hutobolewa tundu dogo la mviringo kwenye mguu, likapita kuta zote mbili za tundu la ulimi. Kisha ulimi huingizwa, na mahali pa tundu hilo huwekwa alama juu yake. Ulimi hutolewa, na tundu lake hutobolewa si pale penye alama bali milimita moja au moja na nusu karibu zaidi na mabega. Matundu sasa hayalingani, na fundi amefanya makusudi. Kijiti cha mti mgumu, kilichochongwa ncha, kikipigwa humo, hulazimika kujipinda kidogo ili kipite, na katika kujipinda kwake huuvuta ulimi ndani na kuyabana mabega dhidi ya mguu. Kitaendelea kuvuta maisha yote ya meza. Kijiti hicho hakikatwi kwa msumeno. Hupasuliwa, ili mpasuko ufuate nyuzi na zisikatwe hata moja. Kijiti kilichopasuliwa hupinda. Kilichokatwa mshazari huvunjika.

Fundi hatungi. Anafuata.

Mafundi wa viti wa Uingereza na Marekani wana njia nyingine iliyonigusa moyo niliposoma habari zake. Huchonga miguu ya kiti kutoka mbao mbichi, na vijiti vya kuunganisha miguu kutoka mbao iliyokauka kabisa. Hutoboa mguu mbichi na kuingiza kijiti kikavu. Siku zikipita, mguu unakauka na kusinyaa ukikikumbatia kijiti, nacho kijiti kikiupata unyevu kidogo hutanuka. Gundi haina kazi kubwa pale. Miti miwili imekazana kwa kiu ya mmoja na shibe ya mwingine.

Upo pia ubao ambao uzuri wake ni kuachwa huru. Mlango wa paneli una fremu yenye ndimi na matundu, na ndani ya fremu kuna mfereji mwembamba ambamo paneli imekaa. Paneli haitiwi gundi. Imeachiwa nafasi ya kutanuka masika na kusinyaa kiangazi bila kuisukuma fremu. Mlango wa jikoni uliokwama, mara nyingi, ni wa mbao zilizopigiliwa bega kwa bega, au wa fremu iliyopasuliwa mbao ingali mbichi. Kwenye droo kuna davuteli, meno yaliyotanuka kwenye ncha yakaingia katika mapengo yaliyofinywa, hata ubao wa mbele hauwezi kuvutwa ukatoka. Sitakaa sana hapo, maana davuteli inajisifu yenyewe kwa kila anayefungua droo. Ulimi hauonekani na mtu, na ndiyo sababu naupenda zaidi.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka hema la kukutania katika Kutoka 26. Musa anapewa vipimo pale mlimani, na kati ya mambo yote ambayo Mungu angeweza kuyasema, anasema habari za ndimi. Kila ubao wa mshita, wa urefu wa dhiraa kumi na upana wa dhiraa moja na nusu, uwe na ndimi mbili, na kila ulimi uingie katika kitako chake cha fedha. Mbao 20 upande wa kusini, 20 kaskazini, nane nyuma kuelekea magharibi: mbao 48 kwa vitako 96. Halafu mataruma ya kuzifunga pamoja. Dhiraa ni kama sentimita 45, kwa hiyo kila ubao ulisimama mita nne na nusu. Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu hema lilikuwa la safari. Wingu likiinuka, Walawi walizichomoa mbao na kuzibeba. Wingu likitua, ndimi zilirudi mahali pake. Jengo la misumari lisingedumu jangwani kwa miaka 40 ya kujengwa na kubomolewa. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi tangu utotoni nikiiruka kama orodha ya vipimo. Nilipoanza kukaa na mafundi ndipo niliposikia humo sauti ya mwenye kujua mbao. Na sura chache mbele, katika Kutoka 31, anatajwa Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani. Bezaleli anasemwa kuwa amejazwa roho ya Mungu, na kinachofuata ni ufundi: dhahabu, fedha, shaba, mawe, na kuchonga miti. Sikumbuki kabla ya hapo mtu mwingine anayesemwa hivyo katika Maandiko kwa ajili ya kazi ya mikono.

Kwenye misitu ya Mlima Elgon, mlima ambao Wabukusu wanauita Masaba na ambao kilele chake kiko mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, kuna mti unaouzwa kwa jina la teki ya Elgon. Si ndugu wa teki ile ya Asia. Ni mzeituni wa porini, wa jenasi moja na mizeituni ya Palestina. Mbao yake ni ngumu, nzito, ya kahawia yenye michirizi myeusi, na patasi isiyonolewa haiingii. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinasimulia kwamba Sulemani alitengeneza makerubi wawili wa mzeituni kwa ajili ya patakatifu pa patakatifu, kila mmoja wa kimo cha dhiraa kumi, na milango ya mahali hapo pia ikawa ya mzeituni. Kwa hiyo mti wa ukoo uleule umesimama juu ya Chwele, mwendo wa saa chache kutoka sokoni, na wengi wetu tumeujua kama makaa tu.

Hauko mwingi tena. Mvule nao umebaki mmoja mmoja, kando ya boma la zamani au kaburi la mzee. Tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, marufuku iliyodumu miaka mitano na zaidi kabla ya kutangazwa kuondolewa, mafundi wengi wamezoea miti ya shambani: mgrevilia, saipresi, mkaratusi, na lusiola iliyopandwa mipakani. Wapo wanaoona huo ni ufukara. Mimi naona lusiola ya mpakani, ikikaushwa kwa subira kivulini, inapokea ulimi vizuri kabisa. Tatizo letu kubwa si aina ya mti. Ni kwamba mti unakatwa Jumatatu na unakuwa kitanda Ijumaa. Mbao ya fanicha inapaswa kushuka hadi karibu asilimia 12 ya unyevu kabla ya kuguswa na patasi, na mbao za inchi mbili zilizopangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite huhitaji miezi mingi kufika hapo. Hakuna kiungo kitakachoisamehe haraka hiyo.

Jambo la mwisho limetoka mbali kidogo, kusini, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mto Kalambo huporomoka pale zaidi ya mita 200 ukielekea Ziwa Tanganyika. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, mwaka 2019 wachimbaji wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walikuta magogo mawili yamelala moja juu ya lingine katika matope ambayo maji hayakuwahi kuyaacha. Gogo la juu, lenye urefu wa karibu mita moja na nusu, lilikuwa limechongwa pengo upande wa chini, na pengo hilo limelikalia gogo la chini. Alama za zana za mawe zilikuwa bado zinaonekana. Vipimo vya mchanga uliolizunguka, vilivyochapishwa Septemba 2023, vilionyesha umri wa angalau miaka 476,000.

Namba hiyo imenikalisha kimya. Mifupa ya kale kuliko yote inayohesabiwa kuwa ya watu kama sisi, iliyopatikana Morocco, ina miaka kama 300,000. Kwa hiyo aliyelichonga pengo la Kalambo aliishi kabla yetu sisi, na hatujui uso wake wala lugha yake, wala kama alikuwa nayo. Pengine alitaka jukwaa la kukaa juu ya tope, pengine njia ya kupitia. Lakini tunajua kwamba aliyatazama magogo mawili na kuona kitu cha tatu ambacho hakikuwako. Alijua kuwa gogo likipunguzwa kidogo mahali panapofaa litamshika mwenzake. Hakuwa na chuma, hakuwa na kamba iliyobaki hadi leo, hakuwa na gundi. Alikuwa na jiwe kali, na mti uliokubali kuchongwa. Nashindwa kuamini kwamba uwezo wa kuona kiungo ndani ya gogo ulizuka wenyewe katika kichwa cha mtu. Naona mkono uleule uliosuka kwapa la tawi ukimfundisha kiumbe wa kandokando ya mto kusuka la kwake, na Bezaleli baada yake, na fundi wa Chwele baada ya Bezaleli.

Ukienda kununua kiti, basi, kigeuze miguu juu kabla hujauliza bei. Tazama pale mguu unapokutana na fremu. Kama kuna vichwa vya misumari, au bati lililopinda, unajua. Kama mabega yameketi bila ufa hata ukucha usiingie, pitisha kidole kutafuta kichwa cha kijiti, duara dogo lenye rangi tofauti kidogo na mguu. Kishike kiti kwa miguu miwili ya mkabala ukipindue kwa nguvu kama unayekamua nguo, usikilize kama kinalia. Halafu muulize fundi mbao ilikauka wapi na kwa muda gani. Fundi anayeijua mbao yake atafurahi kuulizwa, atakupeleka nyuma ya kibanda kukuonyesha rundo lililopangwa kwa vijiti, na atakutajia mti ulikatwa shamba gani. Akikosa jibu, nenda kibanda cha pili.